Bendi haina budi kurudi kijijini

MAKALA MAALUMU

Juni, uwanja wa Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Makundi mawili ya ngoma yanaingia kwa wakati mmoja, kila moja na upande wake, na ngoma za pande zote mbili zinalia pamoja. Mgeni atadhani ratiba imevurugika. Haijavurugika. Ndivyo mashindano ya mbina yanavyokwenda Usukumani tangu enzi za mababu: makundi hucheza saa zilezile, watazamaji wakiwa huru kuhama, na kwa desturi kundi lililovuta umati mkubwa ndilo mshindi.

Kwa hiyo kila kundi hutafuta namna ya kuwapokonya wenzao watu. Huku anatokea mchezaji na chatu shingoni, umati unakimbilia kumwona. Kule manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, anatupa wimbo wenye mafumbo kuhusu jambo lililotokea juzi, na watu wanarudi mbio wasije wakapitwa. Vumbi linatimka. Mama mwenye mtoto mgongoni amehama mara kadhaa na bado hajaamua.

Ushindani huu una mizizi mirefu. Vyama viwili vya Bagika na Bagalu vinatajwa kuwa vilianzishwa katika karne ya 19 na mahasimu wawili, Ngika na Gumha, wachezaji waliosifika pia kwa dawa za mvuto. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeijenga Bujora kuanzia miaka ya 1950, aliukaribisha mchezo huo ndani ya sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Ndiyo Bulabo, sikukuu inayokusanya watu hadi leo, msimu ambao mavuno yamekwisha kuingia ghalani.

Nimeanza na Bujora kwa sababu suala la kupeleka muziki wa laivu vijijini huzungumzwa kwa namna inayoniudhi. Katika maandiko ya miradi na hotuba za wageni rasmi, kijiji huonekana mahali pakavu panaposubiri kumwagiwa burudani kutoka mjini. Serikali inahesabu vijiji zaidi ya 12,000 Tanzania Bara. Nitashangaa nikionyeshwa kimoja kisicho na kwaya, kikundi cha ngoma, mzee wa zeze au kijana anayepiga gitaa alilolichonga mwenyewe.

Muziki upo. Kinachokosekana ni vitu viwili: kijiji kumsikia mpigaji asiye wa kijiji hicho akipiga mbele ya macho yake, na kijiji kulipwa kwa muziki wake chenyewe.

Safari ya upande mmoja

Tangu mwanzo wa karne iliyopita, barabara ya muziki katika nchi hii imekuwa ikitoka shambani kwenda mjini. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kijiji cha Unguja, akauza vyungu vya kufinyanga kabla ya kuhamia mjini na kuwa sauti iliyorekodiwa Bombay mwaka 1928. Hukwe Zawose, fundi wa ilimba na zeze kutoka Ugogoni, aliitwa Dar es Salaam, na kutoka hapo akaizunguka dunia mpaka alipofariki Desemba 2003.

Hata sera ilielekea hukohuko. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba vijana wasomi walijua rumba na chachacha kuliko ngoma za kwao. Mwaka uliofuata likaundwa kundi la ngoma la taifa. Wachezaji walitolewa vijijini, wakafundishwa kucheza ngoma za makabila mengi kwa dakika chache chache, wakawachezea marais wageni uwanja wa ndege na kwenye kumbi. Ilikuwa heshima, na nchi changa iliihitaji. Lakini kijiji kilichotoa mchezaji hodari hakikurudishiwa onyesho.

Mkoani Mtwara, tamasha la MaKuYa, lililounganisha majina ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, limefanya kazi kubwa kuviheshimu vikundi vya vijijini. Navyo hupandishwa gari kwenda mjini.

Bendi zilipokuwa na mwenyewe

Kulikuwa na kipindi ambacho barabara ilipitika pande zote mbili, na wasomaji wenye umri wanakikumbuka. Ni zama za muziki wa dansi.

Morogoro ilikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Tabora ilikuwa na Tabora Jazz, Tanga ilikuwa na Jamhuri Jazz. Chama cha wafanyakazi NUTA kilianzisha bendi yake mwaka 1964, ile ambayo baada ya kubadilishwa majina mara kadhaa tunaijua leo kama Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Umoja wa vijana wa chama tawala ulikuwa na Vijana Jazz. Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa nao walikuwa na zao.

Jambo lililoziwezesha bendi hizi za taasisi halikuwa mapenzi ya muziki pekee. Vyombo vilikuwa mali ya taasisi. Magitaa, ngoma, maspika na mara nyingi hata gari vilinunuliwa na shirika, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa anayepokea mshahara mwisho wa mwezi. Bendi ikienda wilayani, kiingilio kikawa kidogo, hakuna aliyelala njaa. Redio Tanzania ilishawapelekea watu nyimbo. Bendi ilipofika ilikuwa inakuja kuthibitisha kwamba wale watu wa redioni wana nyuso.

> Vyombo vilikuwa mali ya taasisi, na mwanamuziki alipokea mshahara mwisho wa mwezi.

Baada ya bendi vikaja vikundi vya sanaa. Muungano ya Norbert Chenga na TOT ya Kapteni John Komba, iliyoanzishwa mwaka 1992 vyama vingi viliporudi, viliweza kuweka taarab, ngoma, kwaya, sarakasi na maigizo katika onyesho moja. Ubishi wa waimbaji wa taarab Khadija Kopa na Nasma Khamis ulijaza kumbi, na mashabiki wa kila upande walikuwa na majibu yao.

Kisha mambo mawili yakatokea karibu kwa pamoja. Mashirika ya umma yakaanza kubinafsishwa, na mnunuzi wa kiwanda hakununua kiwanda ili alishe wapiga tarumbeta. Halafu kuanzia mwaka 1994 redio na televisheni binafsi zikafunguliwa, vijana wakapata muziki mpya uliotengenezwa studio, na mwimbaji akagundua kwamba anaweza kusafiri na kanda tu.

Watu kumi na wawili, au mtu mmoja na kadi

Tufanye hesabu ya mfano, kwa sababu ugomvi mwingi juu ya suala hili unaisha ukiitazama hesabu.

Chukua bendi ya watu 12, ambayo kwa muziki wa dansi ni ndogo. Imefika kijijini wakati mzuri, watu wana fedha, kiingilio ni shilingi 2,000 na wameingia watu 300. Hizo ni 600,000. Gawa kwa watu 12 unapata 50,000 kila mmoja, kabla hujatoa gari, mafuta ya jenereta, chakula, mahali pa kulala, kibali na mlinzi wa mlangoni. Ukitoa hayo, mpiga besi anarudi nyumbani akiwa na deni.

Sasa chukua msanii mmoja, mtu wa mitambo mmoja na kadi ya kumbukumbu yenye midundo. Umati uleule, kiingilio kilekile. Wanaondoka na faida. Ndiyo maana kijijini kinachofika ni pleibeki, au disko vumbi bila msanii kabisa. Waandaaji wakisema hawana ubaya, wanafuata hesabu, wanasema kweli.

Matamasha makubwa ya redio na ya mastaa hayajajibu swali hili. Huzunguka mikoani, na mkoani maana yake ni makao makuu ya mkoa. Mwanakijiji anayetaka kuyaona hupanda basi, hulipa kiingilio, na usiku hana pa kulala. Mara pekee staa humfuata nyumbani ni wakati wa kampeni za uchaguzi. Anaimba nyimbo chache juu ya lori, kwa pleibeki, na kumwombea mtu kura.

Wakati huohuo mjini, laivu imegeuka kuwa anasa ya kujivunia. Sauti za Busara, tamasha linalofanyika Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu 2004, lina sharti kwamba anayepanda jukwaani apige na aimbe laivu. Sharti hilo limelijengea jina duniani. Nalo lina gharama: mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Kama tamasha lenye watalii na wafadhili linayumba hivyo, bendi inayojitegemea itafikaje Kishapu au Mpwapwa?

Wazazi wana hoja

Upande mwingine wa mjadala ni wazazi, viongozi wa dini na watendaji wa vijiji, na waandishi wa burudani tumezoea kuwaona kama watu wasiopenda raha. Sikubaliani na mtazamo huo.

Wanachokipinga wengi wao ni usiku. Disko vumbi huanza watoto walipotakiwa kulala na kuisha alfajiri, pombe ikiuzwa mlangoni, na mwanafunzi wa kike akipata mimba ni mzazi anayebaki na mzigo. Halmashauri mbalimbali zimepiga marufuku disko za aina hiyo, na zilipofanya hivyo wazazi hawakulalamika.

Lakini marufuku ikisomwa vibaya humeza kila kitu. Mtendaji aliyeagizwa kuzuia disko huona salama zaidi kukataa kila ombi lenye neno muziki. Kikundi cha ngoma cha akina mama nacho kinaambiwa kikatafute kibali wilayani, na nauli ya kufuata kibali inazidi walichokusudia kupata.

Nenda Bujora utaona suluhisho ambalo halihitaji semina. Mashindano yanafanyika mchana. Mtoto anatazama akiwa na bibi yake. Padri yupo, mganga yupo, mwalimu yupo. Kila mtu anaonekana na kila mtu.

> Wanachokipinga wazazi wengi ni usiku. Ngoma ya mchana haijamkimbiza mtu.

Bendi zetu zimeurithi usiku kutoka kumbi za mjini, ambako mteja wao yuko kazini hadi jioni. Mkulima aliyemaliza kuvuna yuko huru saa tisa alasiri. Sioni kwa nini asipigiwe saa tisa.

Kidumbaki kinatosha

Nimesema bendi ya watu 12 ni ghali. Basi tuangalie Unguja, ambako mashamba yalijibu swali hili zamani bila msaada wa mtu.

Taarab ya mjini, ile ya Nadi Ikhwan Safaa iliyoanza mwaka 1905, ilikuja kuwa okestra nzima: fidla nyingi, udi, ganuni, nai, akodioni. Haibebeki juu ya punda. Watu wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, na wa mashamba wakatengeneza kidumbaki. Ngoma mbili ndogo zilizoupa muziki huo jina lake. Fidla moja. Mkwasa na cherewa za kushikilia mwendo. Na sanduku: kasha la chai, mti na kamba moja, linalotoa besi ya kutosha uwanja mzima wa harusi. Mwimbaji huanza na wimbo wa taarab ambao kila mtu anaujua, akaunganisha na mwingine, na mwingine, mwendo ukipanda hadi wanawake wote wamesimama kucheza.

Hakuna waya hata mmoja hapo. Watu watano au sita wanaenea kwenye daladala pamoja na vyombo vyao.

Nakipenda kidumbaki, sifichi, lakini hoja yangu si ya mapenzi. Kundi lililojengwa kwa ajili ya kijiji lina umbo tofauti na lililojengwa kwa ajili ya ukumbi. Bendi ya mjini inayotaka kwenda shamba haina lazima ya kwenda yote. Gitaa mbili, mpulizaji mmoja, mpiga ngoma na waimbaji wawili wanaweza kupiga sebene chini ya mwembe, na umeme wa Wakala wa Nishati Vijijini (REA), pale ulipofika, unatosha kuwasha spika mbili bila jenereta. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, lililoanza mwaka 1998, limewahi kutoa sehemu ya ratiba yake na kuipeleka vijijini Unguja na Pemba. Kumbe inawezekana hata kwa tamasha kubwa, likiamua.

Chamwino na swali la malipo

Wilayani Chamwino, Dodoma, kuna mfano ninaoutaka usomwe na kila afisa utamaduni. Dk. Kedmon Mapana, mwalimu wa muziki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mzaliwa wa huko, ambaye baadaye aliteuliwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), alianzisha tamasha la muziki wa Wagogo hukohuko nyumbani. Akageuza barabara. Mtu anayetaka kusikia muheme, ngoma ambazo wanawake wa Kigogo huzipiga wakiwa wamezibana katikati ya mapaja, au ilimba na zeze katika mikono ya wenyewe, anafunga safari kwenda Ugogoni.

Manufaa yake hayaishii kwenye sifa. Mgeni anakula kwa mama ntilie wa kijijini na kulala kwa watu. Vikundi vya vijiji jirani vinakutana na kutazamana kwa jicho kali, na jicho la jirani humnoa mpigaji kuliko makofi ya mtalii. Kijana aliyeona aibu kushika zeze la babu anaona watu wametoka mbali kuja kulisikiliza.

Hapo sasa linakuja jambo ambalo waandaaji wengi hulipita haraka, nami sitalipita. Bendi ya mjini inapoalikwa kijijini, kikundi cha ngoma cha mahali hapo hutakiwa "kuchangamsha uwanja" kabla wageni hawajapanda. Hupewa soda, fulana, pengine ahadi. Wageni hulipwa fedha. Nasema wazi kwamba huo ni unyonyaji, hata kama aliyeufanya alikuwa na nia njema na bajeti ndogo. Kikundi cha wenyeji ndicho kilichowaleta watu. Kinastahili mkataba, hata wa ukurasa mmoja, na kiasi kilichotajwa kabla ya siku yenyewe.

> Soda na fulana si malipo. Kikundi cha wenyeji ndicho kilichowaleta watu.

Tena kuna simu. Wimbo wa ningi uliorekodiwa uwanjani asubuhi unaweza kuwa mtandaoni jioni, na baada ya mwezi mapigo yake yakasikika ndani ya wimbo wa msanii wa Dar es Salaam bila jina la mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi. Kijijini haijafika. Ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ingefanya jema kubwa kama ingepanda gari moja na hizo bendi, ikaandikisha nyimbo na majina ya watunzi palepale uwanjani.

Fedha ipo wapi?

Watakaosema fedha hakuna nitawajibu kwa mifano miwili.

Wa kwanza ni Mwenge wa Uhuru. Kila mwaka unapita halmashauri zote za nchi, na kila unapolala kuna mkesha, jukwaa, vipaza sauti, vikundi vya ngoma, kwaya na umati. Miundombinu ya onyesho la laivu tayari inajengwa na kubomolewa usiku mmoja, mwaka baada ya mwaka. Kulibakiza jukwaa hilo hadi alasiri ya siku ya pili, vikundi vikapiga kwa malipo, hakuhitaji wizara mpya.

Wa pili ni magulio na minada. Jumatatu hapa, Jumatano pale, Jumamosi kule: wachuuzi wa mitumba wamekwisha kuchora ramani ya mzunguko ambayo bendi ndogo inaweza kuifuata wiki nzima bila kurudi mjini. Watu wamekusanyika, fedha ziko mfukoni, halmashauri inatoza ushuru. Sehemu ndogo ya ushuru huo ikirudi kama malipo ya wapigaji, hakuna haja ya kiingilio. Kusini mzunguko wenyewe ungekuwa msimu wa korosho, kuanzia Oktoba. Usukumani na Ugogoni, Juni hadi Agosti.

Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaotoa mikopo kwa wasanii ni hatua nzuri kwa mwenye studio au duka la mavazi ya jukwaani. Kwa ziara ya vijijini mkopo haufai. Hesabu ya watu 12 niliyoionyesha haiwezi kuzaa riba. Kinachohitajika ni ruzuku ndogo, inayojirudia kila mwaka, yenye masharti matatu ambayo ningeyaandika mimi mwenyewe kama ningepewa kalamu: onyesho liwe la laivu, liwe la mchana, na wenyeji walipwe.

Mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza 1 Julai, wakati ambao maeneo mengi ya nchi yametoka kuvuna na viwanja vinasubiri. Bajeti zake hujadiliwa miezi mingi kabla. Madiwani wanaosoma makala hii wamwite afisa utamaduni wao sasa, wamwombe orodha ya vikundi vya ngoma, kwaya na bendi vilivyo hai katika kata zao, kisha waweke kifungu chenye fedha mbele ya orodha hiyo.